Jiwe si Jiwe Tu



Kila yanapotajwa madini ya urani tunasikia watu wakisema: "Jiwe ni jiwe. Makaa ya Kiwira yamechimbwa miaka mingi, nasi tungali hai." Hatukubaliani na usemi huo, na sababu tunazieleza.

Makaa ya mawe yanapoungua, kaboni huungana na oksijeni ya hewani. Elektroni za nje za atomu hupangwa upya, lakini viini haviguswi. Hata katika moshi, kaboni hubaki kaboni. Hayo ni mabadiliko ya kikemia, na mwanadamu huweza kuyawasha na kuyazima. Katika urani, kiini chenyewe huvunjika, hutoa mionzi, na atomu hugeuka kuwa ya elementi nyingine. Moto hauharakishi jambo hilo wala maji hayalizimi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi urani. Nusu ya urani-238 huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka, nusu ya radiamu izaliwayo humo, miaka 1,600. Tena, urani ikishachukuliwa, sehemu kubwa ya mionzi hubaki katika mabaki ya mgodi.

Asiwepo wa kudhani kwamba mambo haya yako mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, mgodi wa Kayelekera ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukasimamishwa 2014, ukafufuliwa 2025. Maji ya eneo hilo hutiririkia Ziwa Nyasa, tunamovua samaki.

Hatusemi kwamba ziwa limechafuliwa. Kusema hivyo bila vipimo ni uzushi. Lakini kusema "hakuna hatari" bila vipimo ni uzushi vilevile, kwa kuwa mionzi haina rangi wala harufu. Wala hatuipingi sayansi: mionzi hutibu wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, kwa sababu huko hupimwa kwa uangalifu. Tunadai uangalifu huohuo kwa maji na samaki wetu, na matokeo yasomwe hadharani, kwa Kiswahili, vijijini.

Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba dunia hii ni ya vizazi vijavyo pia. Faida ya mgodi huliwa kwa miaka michache, na mabaki yake hulindwa na wajukuu wa wajukuu. Anayenyamaza leo amewaamulia wao.