Sanduku la Temeke na Kabati la Wasomi

Wako wasomi wanaosema kwamba fasihi ya Kiswahili imo vitabuni, na kwamba vitabu vimo maktabani. Kauli hiyo ina kweli ndani yake, walakini si kweli yote. Mtu akitoka Kariakoo akashika njia ya Kilwa mpaka Mbagala, au akashika njia ya Morogoro mpaka Manzese, atapita nyumba nyingi zisizo na kitabu hata kimoja cha hadithi au mashairi. Ni shida kupita nyumba isiyo na khanga. Juu ya khanga hiyo pana maneno ya Kiswahili yaliyopigwa chapa, yakasomwa na majirani, yakajibiwa, na pengine yakagombaniwa. Ikiwa chapa ndiyo inayoyafanya maneno kuwa maandishi, basi hapana maandishi yaliyoenea mitaani kuliko hayo. Na ikiwa uhifadhi ndio unaoyafanya maandishi kuwa urithi, hapana yaliyopuuzwa kuliko hayo.

Khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, ambavyo mnunuzi huvikata na kuvipinda mwenyewe. Kila kipande kina pindo pande zote nne, kina mji katikati, na kina jina ndani ya mji. Biashara yake ni ya miaka mingi. Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, alianza duka lake Mombasa mwaka 1887, na chapa ya Mali ya Abdulla ikaenea pwani yote. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ya baadaye kwa herufi za Kirumi. Vitambaa vilipigwa chapa India, Ulaya na Japani kabla ya nchi hizi kupata viwanda vyake, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Lakini popote ilipopigwa chapa, desturi yake ni ile ile. Mfanyabiashara huagiza chapa kwa hesabu. Hesabu ikiisha, aghalabu chapa nayo imekwisha. Msimu ujao huja mji mwingine na jina jingine. Ziko chache zinazorudiwa kizazi baada ya kizazi, kama kisutu cha arusi chenye weusi, wekundu na weupe. Zilizo nyingi huja mara moja zikaenda zake.

Katika bahari hiyo iko namna moja inayostahili kukusanywa mbele ya nyingine, nayo ni khanga ya makutano: ile ambayo vazi la nyumbani limekutana na jambo kubwa la nje ya nyumba. Namna hiyo ni khanga za Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Namna hiyo ni khanga zenye sura ya Mwalimu Nyerere zilizovaliwa baada ya kifo chake mwezi wa Oktoba 1999. Namna hiyo ni khanga za vyama, ambazo tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 zimejaa viwanjani kila baada ya miaka mitano. Na namna hiyo ni ile khanga ya Barack Obama iliyotoka aliposhinda uchaguzi wa Marekani mwaka 2008. Juu yake paliandikwa “Hongera Barack Obama”, na kipande kilichofuata cha maneno kilimshukuru Mungu kwa upendo na amani. Mtu wa Chicago aligeuzwa kuwa mtoto wa nyumbani anayepewa pongezi na shangazi zake. Mwanahistoria anaweza kusoma magazeti mengi ya mwaka ule asipate ushahidi mfupi na ulio wazi kama huo wa namna Waafrika wa Mashariki walivyolipokea jambo lile.

Basi ushahidi huo uko wapi? Khanga ni pamba, na pamba huchakaa. Doti mpya huvaliwa arusini. Ikipauka huwa ya kupikia. Ikipungua nguvu hubebea mtoto. Ikichanika huwa nepi, kisha dekio. Huo ndio mwendo wake, na ni mwendo wa heshima, kwa kuwa kitu kilichotumika mpaka mwisho hakikuzaliwa bure. Khanga ya uchaguzi ina umri mfupi zaidi, maana kura zikishahesabiwa sura iliyo juu yake haina kazi tena, na mwenye kushindwa huwahi jikoni kabla ya mshindi. Miaka kumi baadaye ni nadra kuipata. Hakuna wa kulaumiwa katika nyumba hizo. Wa kulaumiwa ni yule ambaye kazi yake ni kuhifadhi, anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na ambaye alikuwa mjini siku khanga ile ilipotoka.

Wakusanyaji wa kweli wa mji huu hawajapata kuitwa kwa jina hilo. Ni wanawake wa Tandika, Mtoni, Mwananyamala na Tandale. Watu hupenda kuwacheka kwamba hununua sare kila arusi na kujaza masanduku vitambaa. Anayecheka hajatazama hesabu yao. Wanawake kumi wanapocheza upatu wa shilingi 10,000 kwa juma, kila mmoja hungoja zamu yake ya shilingi 100,000, na kabla zamu haijafika amekwisha kujua itakwenda wapi: sehemu ya ada, sehemu ya unga, na sehemu ya sare ya arusi iliyotangazwa mwezi mzima mbele. Hanunui kila chapa inayoning'inizwa dukani katika mtaa wa Uhuru. Huchagua kwa maana: hii ni ya kwendea msibani, hii ya kumtunza mwari, hii ya kumjibu jirani bila kufungua kinywa. Sanduku lake lina mafungu, na kila fungu lina sababu. Hununua khanga ikingali mpya, maana anajua haitarudi. Huihifadhi kwa udi na karafuu, kwa kuwa anamjua nondo. Ukimwuliza khanga fulani aliipata lini, atakutajia arusi, mwaka, na aliyemletea. Huo ni mpango, hiyo ni bajeti, na hiyo ni orodha, ingawa haikuandikwa.

Msomi naye ana kabati. Ndani yake mna khanga tatu au nne alizopewa zawadi, na juu ya hizo huandika makala kuhusu majina ya khanga kwa jumla. Mwaka 2001 Rose Marie Beck alitoa kitabu kizima juu ya maandishi ya leso; kimeandikwa kwa Kijerumani na kikachapwa Köln. Mwaka 2013 British Museum ya London ilifanya maonyesho ya vitambaa vya Afrika, na khanga zilikuwamo. Wageni hao hawastahili neno baya. Waliona thamani, wakatoa fedha. Lakini ni aibu kwa mwanafunzi aliyezaliwa Temeke kwamba huenda siku moja akaomba viza ili akasome nguo ya mama yake.

Hapa huinuka sauti za kupinga, nazo zinastahili kujibiwa moja moja.

Wa kwanza husema kwamba picha inatosha: khanga ipigwe picha, ihifadhiwe katika kompyuta, na fedha zisitumike bure. Picha huhifadhi jina na rangi, na kwa hayo ni ya kushukuriwa. Haihifadhi uzito wa pamba, wala chapa ya kiwanda ukingoni, wala kama doti ilikatwa au haikukatwa, wala alama za mikunjo na kufuliwa ambazo husema nguo iliishije. Hapana anayekubali kuchoma hati za kale kwa sababu zimekwisha pigwa picha.

Wa pili husema kwamba nchi yenye upungufu wa dawa haina haki ya kununua vitambaa. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau fedha za vitambaa zingetoka katika fungu la dawa. Hazitoki huko. Hutoka katika fungu lile lile linalolipia viti, chai na mabango ya makongamano ambamo umuhimu wa utamaduni husifiwa kwa siku mbili na kusahauliwa siku ya tatu.

Wa tatu ni mwenye hatari kuliko wote, kwa sababu hupinga kwa kukubali. Husema: naam, khanga zikusanywe, basi zitengenezwe khanga maalumu, chache, zenye nambari, zenye picha za watu maarufu wa dunia, ziuzwe kwa wakusanyaji wa ng'ambo kwa bei kubwa. Mtu huyo na akumbushwe habari za stempu. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1980, na kwa wingi katika miaka ya 1990, Tanzania ilitoa kwa mkono wa wakala wa New York stempu nyingi za kuwapendeza wakusanyaji wa nje. Mickey Mouse na wenziwe wa Disney walipata stempu za Tanzania. Elvis Presley alipata stempu za Tanzania. Zimo katika albamu za watu wa Ulaya na Marekani. Lakini si rahisi kumpata mkazi wa Yombo aliyepokea barua ya shangazi yake ikiwa imebandikwa Elvis. Yalikuwa makutano ya jina la nchi na sura ya mgeni, bila mtu wa nchi kuhudhuria. Kitu kilichotengenezwa ili kikusanywe tu hakina la kusimulia ila kwamba kilikusanywa. Obama wa khanga na Elvis wa stempu wote ni Wamarekani; tofauti yao ni kwamba Obama alivaliwa, akafuliwa, akaanikwa uani.

Kwa hiyo mkusanyo unaofaa ni wa vitu vilivyokwisha kuingia maishani, na mpango wake uigwe kwa wenye masanduku. Kwanza uwe na mada. Anayetaka khanga zote atafilisika kabla ya kufika nusu. Na aanze na khanga za makutano tangu mwaka 1961 mpaka sasa, katika mafungu manne: uhuru na viongozi, uchaguzi, wageni mashuhuri, na michezo. Pili, khanga mpya inunuliwe juma lile lile inapotoka, maana kungoja ni kuikosa. Tatu, ya zamani itafutwe kwa mwenyewe, kwa bei ya haki na kwa ridhaa, na asiyetaka kuuza asisumbuliwe. Aombwe ruhusa ya kupiga picha na kueleza. Nne, kila doti iandikiwe ilikonunuliwa, bei yake, tarehe yake, na nani aliivaa kwa sababu gani. Khanga bila habari zake ni kitambaa tu.

Na fedha je? Chapa hamsini kwa mwaka zinatosha kwa mada kama hiyo. Kila chapa inunuliwe doti mbili: moja ya kuhifadhiwa bila kukatwa, moja ya kuonyeshwa na kushikwa na wanafunzi. Hizo ni doti mia moja. Zikikadiriwa kwa shilingi 15,000 kila moja, ununuzi ni shilingi 1,500,000. Lakini ole wake mpangaji atakayekomea hapo, kwa kuwa hilo ndilo kosa la wakusanyaji wengi: hununua kwa fedha zote, kisha mali ikaliwa na nondo na ukungu wa pwani. Ununuzi usizidi sehemu nne katika kumi. Sehemu tatu, yaani shilingi 1,125,000, ziwe za masanduku, karatasi zisizo na asidi na chumba kikavu. Sehemu mbili, yaani shilingi 750,000, ziwe za kuwalipa vijana watakaokwenda Mbagala na Tandale kuandika habari za kila doti. Sehemu moja, shilingi 375,000, iwe akiba ya chapa zisizotazamiwa, maana kifo na ushindi havingoji mwaka mpya wa fedha. Jumla ni shilingi 3,750,000. Chuo kinachosema hakina kiasi hicho kwa mwaka kingepaswa kuonyesha hesabu ya maji ya chupa kilichonunua.

Tena mlango wa sheria hauko mbali. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 ilijengwa juu ya wazo kwamba kinachochapwa nchini kiache nakala yake katika hazina ya taifa. Wazo hilo lina haki ile ile kwa mwenye kupiga chapa khanga. Doti moja kwa kila chapa haitamfilisi mwenye kiwanda anayetoa maelfu. Na mahali pa kuiweka pasikosekane: Makumbusho ya Kijiji yapo Kijitonyama, katika wilaya ya Kinondoni, karibu na watu wenye nguo hizo, ambako mama wa Mwananyamala anaweza kufika kwa nauli ya daladala akaiona khanga aliyoivaa arusini kwake, akamsahihisha mwandishi aliyekosea.

Ukarimu wa wanawake hao umewalisha wasomi kwa muda mrefu. Wamewapa methali, mafumbo, vijembe na mifano ya tasnifu. Hawakudai kitu. Sasa chapa zinapita, masanduku yanafunguliwa misibani na kugawanywa, na waliokuwa wakikumbuka aliyevaa nini siku ya Uhuru wanapungua kila mwaka. Uchaguzi mwingine utakuja na khanga zake. Siku hiyo msomi atajulikana kwa jambo moja dogo: kama alikwenda dukani na shilingi zake kabla ya chapa kwisha, au alingoja mpaka iwe dekio, kisha akaandika makala ya kuisikitikia.