Rubani naye anahitaji kulala, na wewe pia

Unapopanda ndege huulizi rubani alilala wapi jana. Hata hivyo, usingizi wake ni sehemu ya usalama wako.

Nchini Marekani, marubani wengi huishi mbali na mji wenye kituo chao cha kazi. Husafiri kwa ndege kama abiria hadi kituoni, ndipo waanze kazi. Wageni kazini mara nyingi hupangiwa zamu ya akiba, yaani husubiri simu ili wajaze nafasi ya mwenzao anayeumwa au aliyekwama. Simu ikilia, huenda wakawa na saa chache tu za kufika uwanjani. Kwa hiyo wengi hukodi kitanda katika nyumba wanayochangia na marubani wenzao, wakalala huku sikio likiwa kwenye simu. Usingizi wa namna hiyo huwa mwepesi.

Februari 12, 2009 ndege ilianguka karibu na Buffalo, na watu 50 wakafariki. Wachunguzi walisema chanzo kikuu ni rubani kiongozi kukosea alipopewa onyo kuwa ndege inapoteza kasi. Lakini walieleza pia kuwa huenda uchovu uliwapunguzia marubani wote wawili uwezo wa kufanya kazi. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi kituoni Newark.

Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2014 zinampa rubani wa abiria mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, zikiwamo nane za kulala. Safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni imebaki jukumu lake mwenyewe. Hapo ndipo penye pengo, kwa sababu kanuni hutoa muda wa kulala, haileti usingizi.

Jambo hili linakuhusu wewe muuguzi, mlinzi, dereva wa basi la usiku au mzazi unayekesha na mtoto mgonjwa. Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa uwezo sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu.

Ufanye nini? Mtu mzima alenge saa saba au zaidi za usingizi kwa siku. Lala kidogo kabla ya zamu ya usiku. Ukirudi, funga mapazia na mwachie mwenzako simu. Kahawa huchelewesha usingizi tu, hailipi deni lake. Usiendeshe gari ukisinzia. Ukimpa mtoto dawa usiku wa manane, washa taa, soma kipimo mara mbili, kisha andika saa uliyompa.

Ukilala vya kutosha na bado unasinzia mchana, au unakoroma sana, muone daktari.