Stars inafika mlangoni, inapiga hodi, inageuka

Kuna sentensi imekuwa kama wimbo wa taifa wa pili kwenye soka letu: "Tumecheza vizuri, tatizo umaliziaji." Kocha anaisema akiwa amekunja uso mbele ya waandishi. Mchezaji anaisema huku anavua vilinda ugoko. Mchambuzi wa redioni anaisema asubuhi, na mchana dereva wa bodaboda anakurudishia ileile kama vile kaigundua mwenyewe.

Sentensi hiyo haina uongo hata kidogo. Ila tumeizoea mno. Tunaitamka kama watu wanaozungumzia mvua: mwaka huu imegoma, tufanyeje, tusubiri ya mwakani.

Mimi leo sitaki kusubiri ya mwakani. Naomba tufanye hesabu kwanza, maana hesabu haina Simba wala Yanga.

Taifa Stars imecheza fainali za AFCON mara nne: 1980 kule Nigeria, 2019 Misri, 2023 Ivory Coast (zile zilizochezwa Januari 2024) na 2025 Morocco. Jumla ni mechi 13. Mabao ya kufunga ni tisa. Ushindi ni sifuri. Kikosi cha 1980, cha kina Thuwein Ally na Juma Mkambi, kilifunga mabao matatu katika mechi tatu. Miaka 45 baadaye, tukiwa na viwanja vya nyasi bandia, mikataba minono na mabasi ya kifahari, tumekwenda Morocco tukafunga matatu katika mechi nne.

Najua utakachosema. "Lakini kaka, safari hii si tumefika 16 bora?" Tumefika, na nilishangilia kama wewe. Sare ya 1-1 na Uganda, sare ya 1-1 na Tunisia, halafu Morocco mwenyeji akahangaika kutufunga bao moja tu, la Brahim Diaz. Vijana walipambana, anayewabeza hana shukrani. Lakini tulivuka tukiwa na pointi mbili. Tulipita kwenye tundu la sindano, na tundu hilo haliachwi wazi kila mwaka.

Hebu tuyatazame hayo mabao matatu moja moja. La Nigeria alifunga Charles M'Mombwa, kiungo. La Tunisia alifunga Feisal Salum, kiungo. La Uganda alifunga Simon Msuva, kwa penalti. Mechi nne za fainali, na hakuna mshambuliaji wetu aliyefunga bao mpira ukiwa unatembea.

Ukidhani hiyo ni ajali, rudi nyuma miezi michache hadi CHAN ya Agosti 2025, tuliyoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Hatua ya makundi tulicheza vizuri kweli: ushindi mara tatu, sare moja, mabao matano. Kati ya hayo matano, mawili yalifungwa na mabeki wa pembeni, Mohamed Hussein dhidi ya Burkina Faso na Shomari Kapombe dhidi ya Mauritania, dakika ya 89, uwanja mzima ukiwa umeshaanza kukata tamaa. Jingine lilikuwa penalti. Clement Mzize ndiye aliyeokoa jahazi kwa mawili dhidi ya Madagascar. Robo fainali Morocco wakaja Kwa Mkapa, wakapata bao lao moja, wakaondoka. Sisi tukabaki na ileile sentensi yetu.

Na kama bado hujashawishika, kumbuka mechi za kufuzu Kombe la Dunia 2026. Nyumbani tulifungwa na Morocco 2-0. Sawa, Morocco ni Morocco. Lakini Niger walikuja Zanzibar Septemba 2025 wakashinda 1-0. Zambia nao wakaja Zanzibar mwezi uliofuata wakashinda 1-0. Mechi tatu nyumbani, mbele ya watu wetu, hatukutikisa nyavu hata mara moja. Halafu tunauliza kwa nini hatuendi Kombe la Dunia.

Mechi inayoniuma kuliko zote ni ya Zambia pale San-Pédro, Januari 2024. Msuva alifunga mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakapewa kadi nyekundu. Tukawa tunaongoza, wao pungufu, na tuna kipindi kizima cha pili cha kufunga bao la kuua mchezo. Halikuja. Dakika ya 88 Patson Daka akaruka na kichwa chake, ikawa 1-1. Lile bao la pili lingetupa pointi tatu, na pamoja na suluhu yetu na DR Congo tungemaliza na pointi nne. DR Congo walishika nafasi ya pili kwenye kundi lile wakiwa na pointi tatu, na wakaenda mpaka nusu fainali. Sisi tukapanda ndege. Gharama ya kukosa umaliziaji ndiyo hiyo, na hailipwi kwa takwimu za kumiliki mpira.

Sasa tujiulize: kwa nini?

Jibu rahisi ni bahati, na wengine wana jibu la ndumba, hilo tuliache huko huko. Jibu jingine ni kocha. Kutoka Misri mpaka Morocco tumebadilisha makocha, wazawa na wa kigeni, na kila mmoja ameikuta sentensi yetu mlangoni na kuiacha hapo hapo alipoondoka. Makocha wanne wakiugua ugonjwa mmoja kwenye nyumba moja, kagua nyumba.

Nyumba yenyewe ni Ligi Kuu. Chukua misimu saba kuanzia 2018/19 mpaka 2024/25 uangalie nani alikuwa mfungaji bora. Meddie Kagere wa Rwanda, mabao 23. Kagere tena, 22. John Bocco, 16. George Mpole, 17. Fiston Mayele wa DR Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi, 17 kila mmoja. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, 21. Jean Ahoua wa Ivory Coast, 16. Misimu saba, Watanzania wawili. Na Saido, Aziz Ki na Ahoua si mastraika hata kidogo, ni watu wa katikati. Hata Mtanzania aliyemkimbiza Aziz Ki mpaka mwisho, Feisal na mabao yake 19 pale Azam, naye ni kiungo.

Kwa hiyo kazi ya kufunga tumeikodisha. Klabu zetu kubwa zikiwa na shida ya bao zinapanda ndege kwenda Abidjan, Kinshasa au Harare. Siwalaumu. Rais wa klabu hana muda wa kusubiri kijana wa miaka 19 ajifunze kwa kukosa wakati mashabiki wanataka ubingwa Jumapili. Na wageni wametufikisha mbali: Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba ikacheza 2025. Anayesema tuwafukuze wageni anataka kubomoa jiko kwa sababu ugali umeungua.

Lakini kufunga ni ufundi, kama useremala. Fundi hajifunzi kwa kuangalia. Anajifunza kwa kuharibu mbao nyingi, tena mbele ya mtu anayemlipa. Straika kijana wa Kitanzania anaharibu mbao zake wapi? Akiwa klabu kubwa yupo benchi, anaingizwa dakika ya 85 timu ikiongoza 3-0 na anaambiwa akimbie akimbie. Akikaa misimu miwili hivyo, kocha anaona ana mbio, anamhamishia winga. Mwaka wa tatu anaitwa Stars kama mshambuliaji wa kati. Hapo tunamtaka aamue kwa nusu sekunde jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa timu ya vijana.

Angalia wawili waliotubeba muongo mzima. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akaenda TP Mazembe. Chuo chake cha kufunga kilikuwa Lubumbashi, akamalizia Genk. Msuva aliondoka Yanga 2017, akaenda kukomazwa Morocco. Bao la San-Pédro lilikuwa la hao hao, Samatta kwenye pasi, Msuva kwenye nyavu. Sasa piga hesabu: AFCON ijayo ikifika, Samatta atakuwa na miaka 34, Msuva 33. Na Mpole, Mtanzania wa mwisho kuwa mfungaji bora? Alifunga yale 17 akiwa Geita Gold, timu ndogo ya mkoani ambako alianza kila alipokuwa mzima, na akikosa leo anajua Jumamosi atapangwa tena. Hapo ndipo somo lilipo.

Jambo la pili ni mazoezi yenyewe. Pita jioni yoyote kwenye kiwanja cha vijana utazame zoezi la kufunga. Vijana 20 wamepanga foleni. Kocha anasukuma mpira, kijana anakimbia, anapiga shuti kutoka ukingo wa boksi, hakuna beki, anarudi nyuma ya foleni. Kwa dakika 20 amepiga mashuti manne. Mechi haiji hivyo. Kwenye mechi unapokea mpira umeipa goli mgongo, beki amekushika jezi, mpira unadunda kwenye goti, una mguso mmoja. Kagere hakuwa na chenga za kumfurahisha mtu. Alikuwa anajua kusimama pale mpira utakapoangukia. Hilo linafundishika, na hatulifundishi.

Jambo la tatu linatuhusu mimi na wewe tulioko jukwaani. Straika wetu akikosa bao moja tunamzomea, usiku anageuzwa kikatuni kwenye simu, kesho yake mama yake anaulizwa sokoni. Ndiyo maana ukimtazama vizuri akifika kwenye boksi, kichwa kinazunguka kutafuta mtu wa kumpa. Si kwamba hana shuti. Hataki kuwa yeye aliyekosa. Anatoa pasi ya pembeni, winga anarudisha nyuma, kiungo anapiga juu ya goli, na sisi tunasema timu imecheza vizuri, tatizo umaliziaji.

Tufanye nini? Nina manne tu.

Moja, klabu kubwa ziache kufuga mastraika chipukizi benchi. Mpelekeni kijana kwa mkopo Mbeya, Ruangwa au Singida, na mkataba useme wazi kwamba anakwenda kucheza namba tisa. Mzize ni ushahidi kwamba inawezekana hata ndani ya klabu kubwa: Yanga walimpa nafasi huku wageni wakiwepo, msimu wa 2024/25 akafunga mabao 14 ya ligi. Hakuna aliyemfukuza mgeni ili Mzize afunge.

Mbili, ligi za vijana ziwe na mechi nyingi. Straika hawezi kukomaa kwa mashindano ya wiki mbili kwenye kituo kimoja, halafu anasubiri mwaka mwingine.

Tatu, Stars iwe na kocha wa washambuliaji, kama ilivyo na kocha wa makipa. Kazi yake isiishie kambini. Awafuate mastraika wetu sita au saba kwenye klabu zao, akae nao, awaoneshe video za nafasi walizokosa na wapi mguu wa kusimamia ulipaswa kuwa.

Nne, sisi waandishi tubadilishe tunachohesabu. Tuache kusifia asilimia za kumiliki mpira. Tuhesabu tulipiga mashuti mangapi tukiwa ndani ya boksi, na nani alikuwepo kwenye boksi krosi ilipokuja. Mara nyingi utakuta ni mtu mmoja kati ya mabeki watatu. Hapo tatizo ni la timu nzima iliyomwacha peke yake, na kumtupia lawama yeye ni uonevu.

Kwa nini nina haraka hivi? Kwa sababu AFCON ya 2027 ipo hapa nyumbani, sisi na Kenya na Uganda. Hatuhitaji kufuzu, tumeshaingia kwa sababu ni wenyeji. Wageni watafika, viwanja vitajaa, na mtoto wa Temeke ambaye baba yake alikuwa hajazaliwa mwaka 1980 atavaa jezi ya bluu kwenda kuitazama Stars ikitafuta ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye fainali hizi. Tukifungwa kwa kuzidiwa, atalia, atasahau. Tukitoka suluhu tatu kwa sababu tulifika mlangoni mara 40 tukapiga hodi kwa adabu na kugeuka, huyo mtoto atatuuliza tulikuwa tunafanya nini muda wote huu.

Kijana atakayefunga bao hilo la ushindi pengine sasa hivi ana miaka 20 na amekaa benchi mahali fulani, kavaa bibu juu ya traki suti, anamtazama mgeni akifunga. Ana mwaka mmoja na kidogo. Mpeni mechi akosee humo, ili siku ya siku asikosee.