WARSHA SHIRIKISHI ISIWE JINA TUPU

Limekuwa jambo la kawaida siku hizi, katika miji yetu mikubwa, kuona bango limetundikwa mlangoni mwa ukumbi likitangaza "warsha shirikishi" ya watumishi wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Lakini anayeingia ndani ataona vingine. Watumishi wameketi kwa safu, kimya, wakimtazama mkufunzi anayesoma maandishi ya Kiingereza yaliyomulikwa ukutani. Asubuhi hutakiwa kujitambulisha. Mchana hugawanywa katika makundi ili wajibu maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa. Jioni hutia sahihi na kupokea posho. Huo si ushirikishi hata kidogo. Ni ukasuku uliovishwa joho jipya.

Taifa hili halina udhuru wa kufanya kosa hilo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni 2 wakakusanyika katika vikundi vyao vya kujisomea. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu kwa Kiswahili, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Ni kweli kwamba mada zilichaguliwa juu. Hata hivyo mjadala ulikuwa wa wananchi wenyewe, na mafunzo yale hayakuishia kwenye cheti, yaliishia kwenye jembe.

Ugonjwa wa warsha za leo huanza kabla ya warsha yenyewe. Ratiba huandikwa ofisini, wakati washiriki hawajajulikana bado. Mfadhili anataka hesabu ya vichwa, shirika linataka taarifa ya kumpelekea mfadhili, na mkufunzi anataka ujira wake. Mtumishi anayeshinda kijijini na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, au na kamati ya maji ambayo pampu yake imekufa, hakuulizwa lolote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vipi basi mtu ambaye hajawahi kulala kitanda hicho ajifanye bingwa wa kunguni wake?

Hapana budi mpango ugeuzwe. Kwanza, mkufunzi awaendee watumishi katika vituo vyao kabla ya kuandika ratiba, aone kazi yao na asikie wamekwama wapi. Pili, somo lianzie kwenye tatizo halisi: daftari la mikopo lisilowiana na fedha zilizomo sandukuni, au mkutano wa kijiji ambao wanawake hukaa nyuma wasiseme neno. Washiriki wachambue sababu, waigize mkutano huo, wakosoane, kisha warudie. Tatu, idadi iwe ndogo kiasi cha kila mmoja kusikika, na lugha iwe ile watakayoitumia kwa wananchi. Nne, kila mmoja aondoke na kazi aliyojipangia mwenyewe, na baada ya miezi michache mkufunzi amfuate huko huko aliko, waone kwa pamoja kilichofaulu na kilichoshindikana. Fedha za ukumbi wa kifahari zingetosha kulipia safari hiyo.

Wako wanaodai kwamba njia hii hupoteza wakati, na kwamba mtaalamu yupo ili afundishe, si kuuliza maswali. Ni kweli kwamba utaalamu una nafasi yake; kipimo cha dawa hakipigiwi kura. Lakini mtaalamu ajuaye kipimo hajui kwa nini mgonjwa wa kijiji fulani huacha dawa njiani. Anayejua ni mtumishi anayemtembelea. Elimu hizo mbili zisipokutana, dawa itaharibika ghalani. Na kuhusu wakati, ni nani anayeupoteza zaidi kuliko yule anayerudia semina ile ile kila mwaka kwa watu wale wale, na hali ya kijiji haibadiliki?

Wengine hulaumu posho. Mtumishi aliyesafiri mbali lazima ale na alale. Hilo si kosa. Kosa ni kuandaa warsha ambayo, posho ikiondolewa, haina kitu kingine cha kumpa mshiriki.

Mwaka 1968, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alifafanua kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine; hujiendeleza wenyewe. Mtumishi aliyezoeshwa kunyamaza ukumbini atakwenda kuwanyamazisha wananchi kijijini, maana mtu hufundisha kama alivyofundishwa. Kwa hiyo mashirika yanayotaka kuwatumikia wanyonge yaanze kwa kuwapa watumishi wao sauti. Yakishindwa kufanya hivyo, yafute neno "shirikishi" kwenye mabango yao.