Amesomea filamu, sasa afanye kazi gani Newala?



Kwetu kusini elimu ya mtoto hupimwa kwa magunia ya korosho. Mzazi wa Newala au Masasi haihesabu ada kwa shilingi peke yake. Anaihesabu kwa misimu: mara ngapi alipalilia, akapuliza salfa, akaokota, akapeleka mzigo ghala la chama cha msingi, kisha akasubiri mnada na malipo. Mtoto anaporudi na shahada mkononi, nyumba nzima ina haki ya kuuliza kazi iko wapi.

Swali hilo huwa zito zaidi ikiwa mtoto amesomea filamu. Mwalimu anajulikana na muuguzi anajulikana, lakini mhitimu wa filamu akitajwa barazani wazee hutazamana. Wako wanaodhani amesomea uigizaji wa Bongo Muvi, nao humwombea dua. Wengine hudhani amesomea kupiga picha za harusi, jambo ambalo fundi wa sokoni analifanya bila shahada. Naye kijana anashinda chumbani na kompyuta yake, filamu moja baada ya nyingine. Hapo ndipo ugomvi wa nyumba unapoanza, na ni vyema tuupime kwa haki, pande zote mbili.

Kwanza tulijue soko lenyewe. Kazi ya filamu kwa kawaida haina ofisi yenye kiti kinachomsubiri mhitimu. Watu huitwa kwa kazi maalumu, wakafanya siku kadhaa, wakalipwa, wakatawanyika. Anayeitwa ni yule anayejulikana, na kujulikana hupatikana Dar es Salaam zaidi kuliko juu ya uwanda wa Makonde. Vituo vya televisheni hutaka mtu mwenye uzoefu, na nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hugombaniwa na wengi. Soko la kanda na DVD, lililowalisha wasanii enzi za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, limemezwa na simu za mkononi. Basi kijana aliyekaa miezi kadhaa bila kazi asihukumiwe kuwa ni mvivu. Mlango anaoubisha ni mwembamba.

Pili, huko kutazama. Mzazi akimkuta mwanawe mbele ya filamu saa nne ya asubuhi, hawezi kujua kama anasoma au anapoteza muda. Lakini ipo alama. Anayesoma hutazama filamu moja mara nyingi, huirudisha nyuma, hushika kalamu, huuliza kwa nini mpigapicha alisimama hapa na si pale. Anayepitisha muda humaliza tamthilia nzima usiku kucha, alfajiri ikampita usingizini, na asubuhi hana neno hata moja aliloandika. Wa kwanza aachwe na kazi yake. Wa pili aambiwe ukweli, kwa upole, na mtu anayemheshimu.

Na tusiudharau utazamaji wa watu wa kawaida. Wasomaji wa makamo wanakumbuka vibanda vya video, na kanda za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, sauti ya mtu mmoja ikimsemea shujaa, adui na mama mzazi. Alichokifahamu yule bwana ni kwamba mtazamaji wetu anataka kusemeshwa kwa lugha yake na kwa mizaha yake. Mhitimu akae na bibi yake watazame pamoja, asikilize anapocheka na anapochoka.

Tatu, iko habari ambayo vijana wetu wengi hawakufundishwa. Kamera ya sinema si mgeni wa juzi Masasi na Newala. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado vibichi, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika huku na kamera za picha mnato, mashine ya kunasa sauti, na kamera ya sinema. Akapiga ngoma za watu wa Masasi na Newala, akanasa nyimbo zao, akarudi navyo Ulaya, na mwaka 1908 kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani. Hivyo babu zetu walipigwa sinema zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini aliyechagua nini kionekane na kielezwe vipi hakuwa mtu wa kwao. Leo yupo mtoto wa nyumbani aliyesomea kazi hiyohiyo, naye anaulizwa kama elimu yake ina faida!

Faida ipo, ingawa huanza kwa udogo. Vyama vya ushirika vina mikutano na mafunzo ya wakulima yanayofaa kurekodiwa. Wachonga vinyago wanahitaji kazi zao zionekane kwa wanunuzi wa mbali. Wazee wanaokumbuka jinsi maji yalivyotafutwa mabondeni kabla ya mabomba wanapungua kila mwaka. Na kwa binti aliyesomea filamu upo mlango ambao mwanamume hawezi kuupita: upande wa wanawake katika harusi zetu. Familia nyingi zinataka kumbukumbu ya siku hiyo, lakini hazitaki mpigapicha wa kiume aingie ndani. Binti mwenye ujuzi, anayejulikana kwa kutunza siri na kukabidhi picha zote kwa wenyewe, hatakosa riziki ya halali.

Tahadhari moja: si kila kitu ni cha kupigwa. Mambo ya jando na unyago yana wenyewe, na sura ya mtu ni amana. Ruhusa iombwe kabla, bei iandikwe, malipo ya awali yapokelewe, na kazi ikabidhiwe siku iliyoahidiwa. Wengi wameharibu jina kwa kuchelewesha picha za harusi hadi mtoto wa kwanza akazaliwa.

Wazazi, mpeni kijana muda unaojulikana, tuseme misimu miwili ya korosho, na ndani ya muda huo asaidie shambani kama ndugu zake. Shamba halimwondolei shahada. Nawe kijana, kila Ijumaa jioni mweleze mzazi wako umeomba kazi wapi wiki hii, umepiga nini na umejifunza nini. Mzazi aliyekulipia kwa jasho haombi mengi. Anataka kuona kwamba nawe unatoka jasho.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.