Siku ya Kliniki Isimkoseshe Mtu Riziki

Mchumaji chai wa Kericho hulipwa kwa kilo. Kikapu kikifika kwenye mizani, karani huandika uzito, na uzito huo ndio unga na karo ya watoto. Watafiti waliofuatilia wachumaji wa huko kabla dawa za UKIMWI hazijaenea waliona kitu cha kuhuzunisha: katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kabla ya UKIMWI kumwondoa kazini, mgonjwa alichuma kati ya kilo 4 na 8 pungufu kila siku kuliko wenzake. Nyumba ilianza kukosa chakula kabla jirani hajajua kuna mgonjwa.

Kisha dawa za kupunguza makali ya virusi, ARV, zikafika. Huko Mosoriot, karibu na Eldoret, wagonjwa waliotibiwa chini ya mpango wa kutibu UKIMWI uitwao AMPATH walifuatiliwa mwaka 2004 na 2005. Ndani ya miezi 6 tangu waanze dawa, uwezekano wao wa kuwa kazini ulipanda kwa asilimia 20, na saa walizofanya kazi kwa wiki zikaongezeka kwa asilimia 35. Watoto wao wakapata nafasi zaidi ya kwenda shule, na wavulana wakapunguziwa kazi. Ukitaka kujua dawa inafika wapi ndani ya nyumba, tazama jembe limetoka mkononi mwa nani.

Lakini dawa hizi ni za maisha. Nguvu zikisharudi, kinachobaki ni kulinda tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mwaka baada ya mwaka. Tangu 2006 ARV hutolewa bure katika hospitali za serikali; nauli si bure, na kibarua akikosa kufika kazini siku hiyo halipwi. Mara ya kwanza akiomba ruhusa, msimamizi humkubalia. Mara ya tatu humuuliza, tena mbele ya wenzake, anaugua nini. Wapo wanaojaza pamba kwenye kopo la dawa ili tembe zisilie ndani ya matatu. Mtu anayeficha hata mlio wa tembe atajibu nini? Wengine huamua kuiruka tarehe. Dawa zikikatika virusi huamka, na kilo zile huanza kupungua tena.

Kwenu wasimamizi wa mashamba, viwanda na maeneo ya ujenzi, nawaomba hivi: anayesema ana siku ya kliniki, mwacheni aende, msimhoji, na mpeni siku nyingine ya kufidia. Ruhusa hiyo iwe ya kila mtu: mwenye presha, mwenye kisukari, mama mjamzito. Ikiwa ya wote, haitamfichua yeyote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mfanyakazi apimwe virusi ili apate kazi au abaki kazini, na swali linaloulizwa mbele ya watu linaweza kumuumiza vilevile.

Kwenu wahudumu wa kliniki: mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo pale zinapopatikana, na mlango ufunguliwe mapema, kabla zamu za kazi hazijaanza.

Ombi langu kubwa ni kwa vyama vyetu vya kuchangiana, vya akina mama hasa. Mwili huweza kurudi kazini ndani ya miezi 6. Ng'ombe aliyeuzwa kulipia matibabu harudi hivyo, wala shamba lililokodishwa, wala deni la dukani halifutiki. Mwenzetu anaporudi tunamwona mzima, tunamdai michango yote ya nyuma mwezi uleule, na asipoweza tunamfuta kwenye daftari. Tumrudishe kwanza. Malimbikizo yake tuyagawe kwa mwaka mzima, tumpe zamu ya mapema ya kupokea fedha za mzunguko akomboe shamba kabla msimu wa kupanda haujapita, na tusimtake aeleze alikuwa akiugua nini. Katika kikao kijacho cha chama chako, liweke jambo hili liwe la kwanza kujadiliwa.