Wito si Mkataba

Kila Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, wauguzi husifiwa duniani kote. Hotuba husomwa, keki hukatwa, na neno moja halikosekani: wito. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ugomvi wangu ni kazi linayofanyishwa baadaye, wauguzi wanapokaa mezani na mwajiri wao. Hapo sifa hugeuka kufuli la mdomo: mwenye wito hadai marupurupu, mwenye wito hamwachi mgonjwa. Nimelisikia hata darasani, kwa wanafunzi wenzangu wa uzamili ambao hawangethubutu kumwambia rubani maneno hayo.

Tukumbuke Kenya mwaka 2017. Tangu 2013 huduma nyingi za afya zilikuwa zimegatuliwa kwa kaunti. Wauguzi walipotaka mkataba wao wa pamoja utiwe saini, magavana walisema ni ghali mno, na Tume ya Mishahara na Marupurupu nayo ilikuwa na pingamizi zake. Juni 5 wakagoma. Walirudi kazini mwanzoni mwa Novemba. Katika miezi hiyo mitano nchi iliandaa uchaguzi wa rais mara mbili, Agosti 8 na Oktoba 26. Kura ya pili ilipangwa kwa wiki chache tu baada ya Mahakama ya Juu kuifuta ya kwanza. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba serikali haiwezi kufanya jambo kubwa kwa haraka. Inaweza, inapoona kuna haraka.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya mgomo, na si haki kuikwepa. Waliofungiwa milango walikuwa maskini. Mwenye pesa alikwenda hospitali ya binafsi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hakuwa amekataa kutia saini mkataba wa mtu yeyote. Ni kweli. Lakini tuifuate hoja hiyo hadi mwisho. Kama kukosekana kwa muuguzi kunaua wakati wa mgomo, basi kunaua pia katika siku za kawaida, pale muuguzi mmoja anapoachiwa wodi nzima usiku kucha. Tofauti ni kwamba vifo vya wakati wa mgomo hutafutiwa mtu wa kulaumiwa, na vya siku za kawaida huitwa mapenzi ya Mungu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulihusishwa na ongezeko la asilimia 7. Huko California, sheria iliyopitishwa 1999 na kuanza kutekelezwa 2004 iliweka kikomo: katika wodi ya wagonjwa mahututi, muuguzi mmoja haangalii zaidi ya wagonjwa 2. Waliosukuma sheria hiyo ni wauguzi wenyewe, kupitia chama chao. Walikuwa wakijidai haki yao, na papo hapo wakimdaia mgonjwa haki yake.

Ndiyo maana sikubali wauguzi na wagonjwa wapambanishwe. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mfanyakazi haki ya kugoma katika Kifungu cha 41, na inampa kila mtu haki ya afya katika Kifungu cha 43. Mwajiri anayeacha mazungumzo yaoze hadi mgomo uanze amevivunja vyote viwili, kisha anasimama mbele ya kamera kutetea kimoja.

Nightingale mwenyewe hakuishi kwa wito mtupu. Baada ya Vita vya Crimea alikusanya takwimu na kuchora michoro kuonyesha kwamba maradhi yaliwaua wanajeshi wengi kuliko majeraha, akaisumbua serikali ya Uingereza hadi ikasikia.

Uongozi wa hospitali unaoamini katika wito uoneshe imani hiyo kwa maandishi: idadi ya juu ya wagonjwa kwa kila muuguzi katika kila zamu, tarehe ya kujibu madai, na saini. Nawe msomaji, ukisikia tena hotuba ya wito, muulize mtoa hotuba swali moja: zamu ya usiku wa leo ina wauguzi wangapi?